Masuku ya Songea

Apitaye porini katika nchi ya Songea mvua za kwanza zikaribiapo, huwaona watoto wakiinama chini ya misuku. Lililo bora ni lile lililoanguka lenyewe. Gamba lake ni la hudhurungi. Ndani mna nyama laini ya manjano, tamu sana, na mbegu chache za kutemwa.

Wazee walilapo hukumbuka waliyosimuliwa na babu zao. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, Wadachi walichoma mashamba na maghala. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alinyongwa mwaka 1906. Ikafuata njaa kuu, na waliosalia wakaishi kwa matunda na mizizi ya porini.

Basi, msuku uliomea kwa mbegu hukaa hata miaka 10 na zaidi kabla ya kuzaa. Tena iko misuku dume isiyozaa kamwe, lakini pasipo hiyo ile ya kike haipati matunda. Enyi baba na mama, msiikate kwa kuni mkiiona tasa. Nanyi walimu, waonyesheni watoto miti yote miwili.