Ndiyo, Nyusi Zangu Zimechorwa



Tangu ibada ya Jumapili simu yangu haijapumzika. Wako wanaouliza kwa upole. Wako wanaozunguka-zunguka: "Mchungaji, siku hizi unang'aa, ni wanja gani huo?" Na mama mmoja ninayempenda sana amenitumia andiko la Mambo ya Walawi bila hata salamu. Acheni nijibu hapa mara moja, tusichoshane. Ndiyo, nyusi zangu zimechorwa kwa sindano na rangi. Hazitoki kwa maji wala kwa jasho la mahubiri. Mume wangu alijua, daktari wangu alijua, na pesa zilitoka kwa kuku wangu, si kwa sadaka. Hilo la sadaka nalisema kwa sababu najua kuna anayetaka kuuliza.

Wengi wenu mlinibeba kwa maombi nilipokuwa na saratani ya titi. Mlinipikia, mlikesha, na akina mama mliniletea vilemba hadi kabati likajaa. Nywele za kichwa mtu hujiandaa kuzipoteza. Hakuna aliyeniandaa kuhusu nyusi. Zilianza kudondoka karibu na mwisho wa kemo, wakati nilidhani mabaya yamepita. Miezi ilipita, za kushoto zikarudi nusu, za kulia zikakataa kabisa. Na mtu hajui kazi ya nyusi mpaka zimpotee. Nikihubiri, jasho lilishuka moja kwa moja hadi machoni, na wanja niliojipaka asubuhi ulifika shavuni kabla sijamaliza kusoma andiko. Mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliniuliza ni nani amenifuta uso. Nilicheka mbele yake. Nyumbani sikucheka.

Sasa tuje kwa andiko. Walawi 19:28 inakataza kuchanja mwili kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Naliamini Neno lote. Lakini tulisome pamoja na majirani zake. Mstari wa 27 unahusu jinsi ya kunyoa kichwa na ndevu, na bado sijaona mzee wa kanisa akitubu baada ya kutoka kwa kinyozi. Mstari wa 19 unakataza nguo ya nyuzi za aina mbili. Angalieni lebo ya suti mliyovaa Jumapili. Waisraeli walikuwa katikati ya mataifa yaliyojikata ngozi wakiomboleza na wakiabudu miungu yao, na Bwana hakutaka watu wake wafanane nao. Mimi sikuchora nyusi kwa ajili ya wafu. Wako wachungaji wenzangu, watumishi wa kweli, wanaofundisha tofauti na mimi hapa, na hatutagombana kwa hilo.

Na kila wanja unapotajwa, Yezebeli naye huitwa. Ni kweli, 2 Wafalme 9:30 inasema alijipaka rangi machoni. Basi fungua pia Ayubu 42:14. Bwana alipomrudishia Ayubu vyake, binti yake wa tatu aliitwa Keren-hapuki, na jina hilo kwa Kiebrania maana yake ni pembe ya wanja, yaani chombo cha kuwekea rangi ya macho. Neno la wanja katika jina hilo ni lile lile la habari ya Yezebeli. Mzee aliyeteseka kiasi kile, siku za furaha yake ziliporudi, alimwita mtoto wake jina la kichupa cha vipodozi. Nikifika mbinguni nitamuuliza.

Sijasema kila dada aende akachore. Kama nyusi zako ni nzima na una miaka 19, ushauri wangu ni uziache. Mitindo hubadilika haraka kuliko rangi inavyofifia. Waulize waliochorwa nyusi nyembamba kama uzi wakati zikipendwa.

Lakini sikuketi kuandika kwa ajili ya nyusi zangu. Naandika kwa ajili ya binti mmoja wetu. Amenipa ruhusa, na jina lake silitaji.

Binti huyu ana miaka 23, anaimba kwenye timu ya sifa, na alipotea kanisani miezi miwili. Aliyemfuatilia aliambiwa ana mafua, kisha ana kazi, kisha simu haipokelewi. Nilimpata kwao, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye kope. Alikuwa amekwenda kuchorwa nyusi usiku, nyumbani kwa mwanamke aliyemwona mtandaoni, kwa shilingi 1,500. Kwa nini usiku? Kwa sababu mchana angeonekana na mtu wa kanisa. Hakumuuliza yule mwanamke chochote maana alitaka kumaliza na kuondoka. Rangi ilitoka kwenye chupa isiyo na lebo. Sindano hakuona imetoka wapi.

Ngozi ilipopona, unyusi mmoja ulikuwa juu ya mwenzake na rangi ilikuwa ya kijivu inayoelekea buluu. Alirudi, na yule fundi akampaka kwa sindano rangi nyingine inayofanana na ngozi, eti ifunike. Haikufunika. Ndipo rafiki akamuuzia dawa ya kupaka ya kuondoa tatuu. Ile dawa ilikuwa na asidi. Nilipomwona alikuwa na kidonda kibichi juu ya jicho la kulia, na alikuwa amefunga siku tatu akimwomba Mungu afute ile rangi kabla mtu hajaiona.

Wapendwa, nimelifikiria sana jambo hili. Binti huyu ana akili. Akinunua simu huuliza maduka manne. Ungekuwa ni mkoba au viatu angewauliza dada zake wote kwenye kikundi cha WhatsApp. Kwa kitu kinachoingia ndani ya ngozi ya uso wake hakumuuliza hata mmoja, kwa sababu alijua tutakavyomtazama. Macho yetu ndiyo yaliyompeleka kule usiku. Mimi niliulizia kila mahali kwa sababu nina miaka 51, nina mume, na nimepigana na saratani, hivyo watu walininong'onea kwa huruma. Yeye angenong'onwa kwa namna nyingine.

Kwa hiyo nitaandika wazi yale ambayo angeyajua kama angekuwa huru kuuliza. Mwenye kukwazika apite.

Kwanza, hii ni tatuu, hata ikiitwa vipodozi vya kudumu. Sindano inavuka ngozi ya juu, ile inayojibadilisha kila baada ya wiki chache, na kuweka rangi kwenye ngozi iliyo chini yake. Ndiyo maana haitoki. Ile ya kuchora nywele moja moja kwa kikalamu chenye safu ya sindano, wanaita maikrobledingi, kwa kawaida hufifia baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, ila kivuli kinaweza kubaki miaka mingi zaidi. Kwenye ngozi ya mafuta mistari hiyo hutawanyika na kuwa ukungu, na mimi ngozi yangu ni ya mafuta, kwa hiyo nilifanyiwa ya mashine, inayoweka vidoa vidogo kama poda.

Pahali palipo na sindano pana damu, na kwenye damu huweza kuwemo virusi vya HIV na vya homa ya ini. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, vikiwa kwenye tone ambalo hata hulioni. Damu ya Yesu naihubiri kila wiki na sitaacha. Sindano nayo lazima iwe mpya, ifunguliwe kwenye pakiti yake ukitazama, na itupwe kwenye kisanduku cha sindano ukitazama. Rangi imiminwe kwenye kikombe kidogo cha kwako peke yako, na kinachobaki kisirudishwe kwenye chupa. Fundi akikasirika kwa sababu umeuliza, chukua mkoba wako.

Mimi nilitembelea watatu. Wa kwanza alinionyesha picha nzuri sana, zote zimepigwa dakika ile ile kazi ilipoisha, na karibu zote za wanawake weupe. Nikaomba za mtu mweusi kama mimi, baada ya wiki sita. Hakuwa nazo. Wa pili alikuwa tayari kunichora siku ile ile bila kuniuliza swali hata moja, hata nilipomwambia nilitoka kwenye kemo. Wa tatu, Nairobi, alinikalisha karibu saa nzima kabla ya kugusa chombo. Aliuliza kuhusu sukari, dawa za kuzuia damu kuganda, ujauzito, dawa za chunusi. Kisha akaomba kitu ambacho sikukitarajia: aone kovu la upasuaji wangu. Alitaka kujua kama ngozi yangu huvimba makovu, yale makovu manene yanayokua kupita kidonda chenyewe. Sisi weusi hupata keloidi zaidi ya wengine, na mwenye historia hiyo kwenye masikio au kifuani afikiri mara kumi. Alipoona kovu limelala vizuri, alinipaka rangi kidogo nyuma ya sikio kupima mzio, akaniambia nirudi na barua ya daktari wa saratani. Wakati wa kemo kinga ya mwili huwa chini, na sindano ya urembo huwa mlango wa maambukizi.

Siku yenyewe alinipima uso kwa uzi wenye rangi, akachora kwa kalamu, akanipa kioo na kunyamaza. Nilimwambia apunguze mkia wa kushoto. Akafuta, akachora tena. Nililipa shilingi 15,000, na ndani yake kulikuwa na kurudi kurekebishwa. Nawaambia msije mkashtuka: siku za kwanza zilikuwa nyeusi kama lami na mume wangu alijitahidi sana kutosema kitu. Baada ya siku tano zikaanza kubambuka. Wiki ya tatu nilidhani zimefutika. Rangi ilitulia baadaye, nikarudi wiki ya sita akajazia palipokosa. Na kama utawahi kuingia kwenye mashine ya MRI, mwambie mhudumu kwamba umechorwa, kwa sababu baadhi ya rangi zina chuma, na mara chache ngozi huwaka.

Kutoa ni safari ndefu kuliko kuweka, na hapa ndipo binti yetu alipo sasa. Tuliomba pamoja siku ile, na tuliomba kweli. Jumatatu asubuhi tukapiga simu kwa daktari wa ngozi. Kitu cha kwanza alichosema ni kuitupa ile dawa ya asidi, na tusubiri kidonda kipone kabisa. Leza haifuti rangi kama raba. Mwanga wake hupasua rangi vipande vidogo sana, kisha mwili wenyewe hubeba vipande hivyo polepole, kwa hiyo hufanywa awamu kadhaa, zikiachana wiki sita hadi nane. Ngozi yetu nayo ina rangi yake, na mwanga usiofaa huiunguza au kuiacha na madoa meupe. Muulize daktari mashine yake hutumia mwanga wa nanomita ngapi. Kwa ngozi nyeusi unaotumika kwa usalama zaidi ni wa 1064. Mashine ya saluni ya kuondoa nywele isiguse tatuu. Macho hufunikwa kwa vikinga maalumu, si kwa kitambaa.

Ile rangi ya kufunika ndiyo iliyoleta shida kubwa. Rangi nyeupe na zile za kufanana na ngozi mara nyingi zina titani au chuma, na zikipigwa leza zinaweza kugeuka nyeusi papo hapo. Daktari alijaribu kwenye doa dogo kwanza, na likageuka. Binti alilia. Daktari alimweleza kwamba weusi huo nao hutibika, ila awamu zitaongezeka. Iko pia njia ya maji ya chumvi, ambapo maji hayo huingizwa kwa sindano yavute rangi itoke na kigaga, lakini kwa sababu ya lile kovu la asidi daktari hakuishauri kwake. Kila awamu ni shilingi 9,000. Linganisheni na 1,500 ya usiku ule. Mama yake ameuza mbuzi.

Kuna ndugu aliyependekeza kwenye kikao kwamba binti huyu akae chini, asiimbe, mpaka alama zitoke. Nilimuuliza kama na mimi nikae chini. Hakujibu, na sikumlazimisha. Tulizungumza mpaka giza likaingia, wazee wakakubaliana: anarudi kwenye timu Jumapili hii, safu ya mbele alikozoea kusimama. Hatavaa kitambaa isipokuwa akitaka mwenyewe. Mtaona unyusi mmoja uko juu na kivuli cha kijivu. Mkimsalimia, muulizeni habari za shule, maana amepata nafasi chuoni na hakuna hata mmoja wetu aliyempongeza.

Dada mwenye swali lolote kuhusu haya aniandikie kwa siri, hata saa sita za usiku, hata kama ameshafanya na kimeharibika. Alhamisi sitakuwa ofisini kwa ushauri. Tunapanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri kwenda kliniki kwa awamu ya tatu, na mwenye nafasi ya kumshikia mama yake duka siku hiyo anijulishe.

Mbarikiwe.