Timu Inayocheza Bila Mwenyewe



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu, tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda mkashangaa kulikuta hapa. Ni habari ya mchezo wa besiboli, tena si ule wa uwanjani bali ule wa kompyuta, na ya kikundi cha watu waliokuwa wakiucheza pamoja, kisha wakapungua mmoja mmoja mpaka wakakaribia kwisha. Tumeona kisa hiki kina mazingatio kwa kila mwenye kuishi na watu, ndiyo maana tumekileta.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwani kwetu si maarufu. Besiboli ni mchezo unaopendwa sana na Wamarekani. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hukutana. Mmoja hurusha mpira, wa upande wa pili huupiga kwa gongo, na akifanikiwa hukimbia kuzunguka vituo vinne. Majirani zetu wa Uganda wamekwisha kuonja utamu wake. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yaitwayo Little League World Series. Mwaka mmoja kabla ya hapo timu nyingine ya Uganda ilikuwa imeipata nafasi hiyo, lakini ikakwama kwa kunyimwa viza.

Jambo moja linautofautisha mchezo huu na kandanda: kila kitu ndani yake huhesabiwa. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na katika msimu wa kawaida kila timu hucheza michezo 162. Kila mpira uliorushwa, uliopigwa na uliokoswa huandikwa. Kwa kuwa hesabu zipo, watu walifikiri zamani kwamba wanaweza kuucheza mezani wakiwa nyumbani. Mwaka 1951 ulitoka mchezo wa kadi uitwao APBA, na mwaka 1961 Hal Richman wa New York akatoa wake uitwao Strat-O-Matic. Kila kadi ni mchezaji mmoja wa kweli, na hesabu zake za msimu ndizo zinazoamua matokeo dadu zinaporushwa. (Hukumu ya dadu ina mahali pake, hapa tunasimulia historia tu.) Julai 1981, wachezaji wa kweli walipokuwa katika mgomo, mchezo wa nyota uliokuwa ufanyike Cleveland ulichezwa kwa kadi hizo ndani ya uwanja mtupu.

Zilipokuja kompyuta, kazi ya kadi na dadu ikachukuliwa na programu. Moja iliyojulikana sana ni Out of the Park Baseball, iliyobuniwa na Mjerumani Markus Heinsohn. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipochelewesha msimu wa kweli, watunza takwimu wa Baseball Reference waliitumia programu hiyo kuendesha msimu wa kubuni, siku baada ya siku, ili wapenzi wa mchezo wasikose matokeo ya kusoma asubuhi.

Sasa tuje kwenye kisa chetu. Kijana wetu mmoja, aliyesoma madrasa kwetu tangu alifu na bee, yuko Marekani katika jimbo la Ohio akisoma chuo. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Baridi ilimtesa, marafiki hakuwa nao, na wanafunzi wenzake wakizungumza besiboli yeye alibaki kutazama midomo yao. Mmoja wao akamwingiza katika ligi ya programu ile. Alitupigia simu kabla ya kujiunga, akauliza: "Ustadh, hakuna fedha inayowekwa wala kushindaniwa. Kuna ubaya?" Tukamwambia kama hamna kamari, na kama sala na masomo havipotei, basi aburudike kwa kiasi.

Ligi yao ilikuwa na timu 24, na kila timu ina mwenyewe, mtu wa kweli aliyeko mahali fulani. Mwenye timu hupanga wachezaji wake, huuza na kununua, huchagua vijana wapya, kisha hutuma faili la maagizo kwa msimamizi wa ligi. Wao walituma mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Msimamizi huyapokea mafaili yote, huendesha michezo ya wiki nzima kwa mara moja, kisha huwagawia matokeo. Kwa mwendo huo msimu mzima huisha kwa takriban miezi mitatu.

Kijana alitusimulia mengi katika simu zake. Alitueleza habari ya mzee mmoja mstaafu, mwenye timu katika ligi ile, aliyekuwa akimfundisha kwa subira. Kijana alimuuliza maswali ya mtu asiyejua kitu, naye akamjibu kwa urefu, wala hakumcheka. Alipokaribia kuuza mchezaji mzuri kwa bei ya kutupa, yule mzee ndiye aliyemzuia, ingawa kuzuia kule kuliikosesha timu ya mzee mwenyewe faida. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Kisha ligi ikaanza kudorora. Nasi tulipomuuliza ilivyokuwa, alitueleza kwa mpangilio ambao tulipoufikiri tuliona tunaufahamu. Haikuwa watu kuaga na kuondoka. Yalianza mazungumzo kupoa. Waliokuwa wakitaniana baada ya kila matokeo wakawa wanasoma na kunyamaza. Zikafuata biashara za wachezaji kukauka, maana biashara huhitaji wawili waongee. Mwisho yakapungua mafaili. Katika 24 yakawa yanakuja 20, mara 16, mara 11.

Hapa ndipo penye siri ya jambo lote, ndugu zetu. Faili la mtu lisipokuja, programu haisimami. Kompyuta hushika maagizo ya zamani, ikawapanga wachezaji wake, ikawapumzisha waliochoka, na timu ikaendelea kucheza, kushinda na kushindwa. Ukiangalia msimamo wa ligi utaona timu 24, zote zina matokeo, zote zina michezo. Hakuna pengo. Katika zama za kadi wengine walicheza kwa posta: unamwandikia mwenzio maagizo, naye anarusha dadu na kukurudishia matokeo. Barua yako ikichelewa, mwenzio anakaa akiingoja, na mwenye kungoja huuliza. Kompyuta haimngoji mtu, kwa hiyo na watu nao wakaacha kungojana.

Msimamizi alichoka. Alikuwa peke yake katika kupokea, kuendesha, kusuluhisha na kukumbusha, na ana kazi na watoto. Akasema atafunga. Kijana wetu akamwomba kwanza amruhusu awaandikie wale 13 walionyamaza, mmoja mmoja kwa jina lake, na kila mmoja amuulize mambo mawili tu: u hali gani, na je, bado unaitaka timu yako?

Saba walijibu. Mmoja alikuwa amepata mapacha. Mwingine alihamishiwa zamu ya usiku. Wa tatu aliandika maneno ambayo kijana alitusomea mara mbili: "Niliona timu inashinda bila mimi, nikajua hamnihitaji." Katika majibu saba lilikuwamo moja ambalo hakuliandika mwenye timu, bali binti yake. Alikuwa akisafisha barua za baba yake. Akasema baba alifariki mwezi wa pili.

Kijana alipotupigia simu usiku ule ilikuwa mwezi wa saba. Yule mzee ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Timu ya mzee ilimaliza msimu ikiwa ya pili, na mwezi wa tano wenzake walikuwa wameandika pongezi. Waliandika "hongera" kwa mtu aliyekuwa kaburini miezi mitatu, na kwa kuwa timu ilikuwa ikicheza vizuri hakuna aliyestaajabu kwamba hajajibu.

Kijana alikuwa akilia. Akatuuliza: "Ustadh, hakuwa Muislamu, wala sikuwahi kumuona. Nitamwambia nini binti yake?" Tukamwambia, mwanangu, kumpa pole mfiwa ni wema na ni ubinadamu. Mweleze kwa uwazi yale mema ambayo baba yake alikutendea, kwani huenda yeye hayajui. Akaandika. Binti akamjibu kwamba nyumbani walijua tu kuwa baba anacheza mchezo kwenye kompyuta; hawakujua kwamba kulikuwa na kijana wa kigeni aliyekuwa akifundishwa naye. Alimwomba amtumie yale maelezo marefu ya baba yake, naye akamtumia yote.

Kuanzia hapo wale waliobaki walibadili mambo. Waliipunguza ligi ikawa na timu kumi, ili kila timu iwe na mtu kweli. Kazi ya msimamizi waliigawa kwa watu watatu. Wakaweka sharti kwamba mtu akikosa kutuma faili mara mbili mfululizo, michezo husimama mpaka mwenzake aliyepangiwa amtafute na ajibiwe. Timu ya mzee hawakumpa mtu mwingine. Waliifunga na jina lake wakalihifadhi. Hatusemi ligi imepona, kwani watu kumi ni wachache, na msimu wao unakwenda polepole kwa sababu ya kungojana. Lakini kijana anasema mazungumzo yamerudi.

Huenda mtu akasema, basi dawa ni kuwa na watu wengi. Si hivyo. Julai 2020 kampuni ndogo ya Los Angeles iitwayo The Game Band ilianzisha Blaseball, besiboli ya kubuni yenye vichekesho na vitisho vya ajabu, ambayo mashabiki waliitazama mtandaoni na kupiga kura za kubadili kanuni zake. Ulikuwa wakati wa korona, watu wamefungiwa majumbani, wakamiminika. Mitambo ililemewa mara kwa mara, na kampuni ikalazimika kusimamisha mchezo ili watu wake wapumzike na kutengeneza. Pumziko lililoanza mwaka 2021 lilikuwa refu sana. Waliurudisha mchezo mwanzoni mwa 2023, na Juni mwaka huohuo wakatangaza kuufunga kabisa, kwa kuwa gharama ya kuuendesha ilikuwa imewashinda. Umati ulikuwepo, ila mzigo ulikuwa juu ya wachache. Na kilichosalia mpaka leo ni kile ambacho mashabiki walikifanya kwa mikono yao wenyewe: nyimbo walizotunga na kumbukumbu za michezo walizozikusanya.

Sisi tunaofundisha madrasa tuna kitu kidogo ambacho zamani tulikiona ni kazi ya karani tu, nacho ni daftari la mahudhurio. Kila alasiri tunaita majina. Mtoto asipoitika, darasa zima linasikia ule ukimya, na mara nyingi kabla hatujauliza sauti moja kutoka nyuma inasema, "Ustadh, anaumwa." Baada ya kisa hiki tumelitazama daftari lile kwa jicho jingine. Faida yake kubwa ni kwamba linaufanya ukosefu wa mtu usikike.

Basi, ndugu wasomaji, kila mmoja wetu ana jamaa, kikundi au chama ambacho mambo yake yanakwenda yenyewe. Mchango unakatwa kwenye simu, salamu za sikukuu zinatumwa kwa watu mia kwa mara moja, jina la mtu limo kwenye orodha mwaka wa tatu. Yote yanaonyesha kwamba tupo. Tunawausia mambo matatu. Kwanza, mnapoona shughuli inakwenda vizuri, msiridhike mpaka mjue nani anaiendesha na kama amechoka. Pili, mtu akinyamaza, aulizwe na mtu mmoja kwa jina lake, kwani tangazo la wote halimfikii yeyote. Tatu, anapoulizwa asianze kwa kulaumiwa. Kijana wetu aliuliza "u hali gani" kabla ya kuuliza habari ya timu, na ndiyo maana akajibiwa.

Na ninyi wanafunzi mlio mbali na nyumbani, msidharau watu mnaokutana nao katika michezo na burudani zenu za halali. Nyuma ya kila jina yuko mwana wa mtu au mzazi wa mtu. Kama kuna mmoja ambaye hamjamsikia siku nyingi, mwandikieni leo kabla hamjalala.