Nesi kajenga nyumba ya miti: kwa nini, na tulivyoijenga

SEHEMU YA 1: Maswali yenu

Wiki iliyopita nilitaja juujuu tu kwamba nyumba ninayokaa hapa Mkange ni ya miti na udongo, na tumeijenga wenyewe. Jamani, inboksi ilijaa! Wengine walidhani natania. Mmoja kaniuliza bila kuzunguka: "Nesi mzima, una mshahara, unakaaje kwenye nyumba ya tope?"

Sijakasirika. Ni swali zuri, na wengi mnalo ila mnaona haya. Leo nalijibu kwa sehemu nane, kaa na chai yako. Kwa wasioijua Mkange, iko wilaya ya Bagamoyo, ukishavuka mto Wami kuelekea Saadani. Ni nchi ya Wazigua, Wadoe na Wakwere, na nyumba ya miti hapa si kitu cha ajabu. Cha ajabu, naona, ni kujengwa na mtu mwenye mshahara.

SEHEMU YA 2: Ninachokiona kazini

Mvua za masika zikikolea, foleni ya watoto wenye homa inarefuka. Kipimo cha haraka kinatoa mistari miwili, mtoto anaanzishiwa dawa ya mseto, mama anaondoka. Baada ya wiki chache karudi na mtoto yuleyule, viganja vimepauka, damu imepungua. Nikaanza kuuliza swali moja zaidi: "Mama, mtoto analala wapi?"

Majibu yakanishangaza. Nilitegemea wengi watasema nyumba ya udongo. Wapo, ndiyo. Lakini wapo pia wengi wanaolala kwenye pagale. Mnaijua hadithi hii: kijana kaoa, kaanza na tofali, kafika kwenye rinta, hela ikakata. Familia ikahamia humohumo. Chumba kimoja kimeezekwa bati, dirisha limezibwa na kiroba, mlango ni shuka. Wanasema "tunamalizia mwakani". Mtoto wa kwanza kazaliwa humo, wa pili kazaliwa humo, dirisha bado ni kiroba.

Mbu hajui bei ya tofali. Yule anayeambukiza malaria anatafuta watu usiku. Akifika ukutani anapanda juu, kisha anapenya kwenye ule mwanya kati ya ukuta na paa. Kama mwanya uko wazi, ukuta wa tofali na wa udongo kwake ni mamoja. Hapo ndipo mimi na baba watoto tulipoanza kupiga hesabu upya. Tuna watoto wawili wadogo. Hela yetu ilitosha kuanza nyumba ya tofali, au kumaliza nyumba ya miti. Tukachagua kumaliza.

SEHEMU YA 3: Aibu imetoka wapi?

Mama mkwe wangu alipopata habari alikuja mwenyewe. Hakugomba. Alikaa mkekani akaniambia taratibu: "Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye udongo na nimezalia kwenye udongo. Nilidhani nyie mliosoma ndo mtanitoa huko."

Maneno yale yaliniingia. Nikamjibu: "Mama, tofali na mimi nalitaka. Lakini wajukuu zako walale wapi mpaka tofali liishe?" Akanyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu.

Nimefikiri sana kuhusu aibu hii. Miji yetu ya pwani, hii tunayojivunia kwa mawe na milango ya nakshi, ilianza kwa miti. Kule Shanga, kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba chini ya msikiti wa mawe walikuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyotangulia, ya tangu karne ya 8. Hata nyumba za mawe za mji mkongwe zilitegemea mti: vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti ya mkoko.

Na wazungu je? Uingereza kuna nyumba za fremu ya mwaloni, mti unaotajwa kwenye Biblia, zilizojazwa fito na udongo kati ya nguzo. Nyingine zimesimama miaka 500 na zaidi, na watu wanazinunua kwa hela ndefu. Ufundi ni uleule: mti unabeba paa, udongo unaziba upepo. Kule wanaita urithi. Huku tunaita umaskini.

SEHEMU YA 4: Miti tuliipata wapi

Hapa msikilize vizuri, maana wengine mtaingia matatizoni. Msitu wa Zaraninge uko jirani yetu, lakini uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Huko hukati hata fito. Mikoko nayo inalindwa, hata kama babu yako alijengea boriti. Anza serikali ya kijiji, uulize utaratibu na kibali cha watu wa misitu, TFS. Ukinunua miti iliyokwisha katwa, dai risiti na kibali chake. Sisi nguzo nyingi tulinunua, na za paa tulichukua mbao za paini zilizopigwa dawa.

Fundi wetu ni mzee wa hapahapa, ana futi kamba mfukoni ila jicho lake ndilo linalopima. Nilipompa shikamoo na kumwambia nataka nyumba iishe miezi mitatu, alicheka: "Marahaba, binti yangu. Mti hauna haraka. Wewe ndo una haraka." Akatuelekeza kumenya maganda yote, kwa sababu wadudu wanakaa chini ya ganda, kisha miti ilazwe kivulini ikauke, isiguse ardhi. Wiki sita tukaisubiri.

Adui mkubwa ni mchwa. Kwa hiyo nguzo kuu za pembeni na za kati tulichagua mti mgumu, mkongo na mninga, ambao mchwa hauupendi. Ni ghali, lakini unanunua chache. Sehemu ya kuingia ardhini tukaipaka oili chafu, tukaiacha ikauke, tena nje, mbali na watoto na mbali na kisima. Nyumba nzima, futi 30 kwa 24, ilikula nguzo 62, kubwa na ndogo pamoja.

SEHEMU YA 5: Kusimamisha, kufunga, kukandika

Kwanza tuliinua kiwanja kwa mawe na kifusi, zaidi ya futi moja juu ya ardhi. Maji ya mvua ndiyo yanayoua nyumba ya udongo, na yanaanza kula chini. Mashimo yakachimbwa futi mbili, nguzo zikasimamishwa kwa timazi. Juu yake ukapita mwamba unaozishika zote, kisha kenchi, kisha bati. Ndiyo, paa kwanza! Watu wengi hawajui. Fremu ikishasimama unaezeka, halafu unakandika chini ya kivuli, mvua ikija haikuharibii kazi. Ndiyo raha ya nyumba ya miti: ukuta haubebi kitu.

Baada ya hapo ni fito, ndani na nje ya nguzo, zimefungwa kwa kamba na misumari midogo. Katikati tukajaza mawe na udongo. Siku ya kukandika tulialika majirani. Udongo mwekundu tulichanganya na wa kichuguu, ukalowekwa jana yake, vijana wakaukanyaga kwa miguu. Wanawake tukabeba maji. Tulipika ubwabwa na maharage sufuria mbili. Na nani nikamwona anakuja na ndoo yake kichwani? Mama mkwe. Hakusema neno kuhusu tofali. Aliangalia vijana wanavyotupia udongo, akawaambia: "Hamjui kukandika nyie, sogeeni." Akawafundisha mpaka jua linazama.

Ukuta wa kwanza ukikauka unapasuka, hiyo ni kawaida. Usiogope. Unasubiri ukauke kabisa, kisha unasiliba tena kwa udongo laini na mchanga, na mwisho chokaa. Na usiache nyufa wazi, mama. Nyufa ni nyumba ya kunguni, na pia ya papasi, wale wanaoleta homa inayokuja na kuondoka.

SEHEMU YA 6: Mambo manne aliyoyaongeza nesi

Hapa ndipo hela yetu ya ziada ilipokwenda.

Kwanza, ule mwanya wa juu. Wengi wanauziba kwa udongo. Mbu wanapungua kweli, lakini chini ya bati nyumba inakuwa tanuri, na mtoto akiona joto anajitupa nje ya chandarua. Sisi tukaweka wavu kuzunguka nyumba nzima, juu ya ukuta, na kwenye madirisha yote. Hewa inapita, mbu anabaki nje. Milango ina fremu ya wavu inayojifunga yenyewe kwa mpira wa tairi.

Wazo hili si langu. Kijiji cha Magoda, Muheza, mkoa wa Tanga, watafiti walijenga nyumba za majaribio kwa mbao, mianzi na kuta za wavu, nyingine za ghorofa moja juu. Zilikuwa na ubaridi kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walipungua sana, hasa kwa waliolala juu. Baadaye wakaendelea Mtwara kwa nyumba 110, na watoto waliokaa humo waliugua malaria kidogo kuliko wenzao. Nchini Gambia utafiti uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka wavu kwenye nyumba kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Wale watoto wangu wenye viganja vilivyopauka, ndio hao.

Pili, sakafu. Vumbi lina minyoo, funza na papasi, na mtoto anayetambaa analamba kila kitu. Tulimwaga jamvi jembamba la zege juu ya kifusi. Mexico, jimbo la Coahuila, serikali iliwamwagia watu sakafu za saruji majumbani, na minyoo, kuhara na upungufu wa damu kwa watoto vikashuka. Kama hela ni ya chumba kimoja tu, anza na chumba cha mtoto.

Tatu, jiko. Liko nje, banda lake peke yake, lina upenyo wa moshi. Moshi wa kuni unachangia nimonia, na nimonia inaua watoto wadogo. Pia miti na moto havikai pamoja.

Nne, paa limetoka nje futi tatu pande zote. Linalinda ukuta na mvua, na limetupa baraza. Jioni nakunja nguo hapo, watoto wanacheza.

SEHEMU YA 7: Ubaya wake, nisiwafiche

Nyumba ya miti inataka kuangaliwa. Kila mwaka kabla ya masika tunazunguka na ndoo ya udongo, tunasiliba palipobanduka, tunapasua njia za mchwa zinazopanda ukutani. Ukipuuza miaka mitatu, utalia. Wavu unachanika, watoto wanautoboa kwa vijiti, unashona. Ukitaka mkopo, usitegemee nyumba hii ikubebe.

Na chandarua hatujaacha. Nasema tena kwa wajawazito: hudhurio la kwanza kliniki ulizia chandarua chako, na mtoto akifika miezi 9 kwenye chanjo ya surua ulizia tena. Wavu wa dirisha na chandarua ni ndugu, mmoja hakai badala ya mwenzie. Mtoto akichemka, usisubiri kwa sababu eti nyumba ina wavu. Mlete apimwe siku hiyohiyo.

SEHEMU YA 8: Wewe uliye kwenye pagale

Sikwambii ubomoe tofali zako. Jenga, Mungu akujalie umalize. Ninachokuomba ni hiki: mtoto wako ana mwaka mmoja na nusu sasa hivi, hatausubiri mwakani wako. Miaka mitano ya kwanza ndiyo malaria inayomtafuta zaidi, na ndiyo hiyohiyo unayosema "tunamalizia".

Kwa hiyo chagua chumba kimoja. Hata kama ukuta ni wa tofali tupu, au wa udongo wa bibi yako. Mwisho wa mwezi huu toa kiroba, weka fremu ya mbao yenye wavu. Mwezi ujao ziba mwanya wa juu kwa wavu. Mwezi unaofuata mfuko mmoja au miwili ya saruji chini. Fundi wa fremu hachukui hata siku nzima, na baba akiwa na msumeno na nyundo anaweza mwenyewe.

Na kwa vijana mnaoanza maisha, mkipanga nyumba msihesabu vyumba na tofali tu. Hesabuni mtoto atalala wapi usiku wa leo.

Mama mkwe? Hajasema mpaka leo kama nyumba ni nzuri. Ila akija kutusalimia haondoki siku ileile tena, analala, na asubuhi anasema chumba kina hewa.

Jumapili nitaandika kuhusu choo na kisima: umbali, upande wa mteremko, na kwa nini. Mwenye swali aandike hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Mwenye picha ya dirisha lake aiweke, tusaidiane namna ya kupima wavu. Usiku mwema, na mshushe vyandarua.