Picha ya Jana, Ubongo wa Leo

Nilipoanza uuguzi wa chumba cha upasuaji Dar es Salaam, miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, ramani yetu ya kichwa ilikuwa filamu ya CT skani iliyobandikwa kwenye boksi la taa ukutani. Daktari aliitazama, akapima kwa rula kutoka sikioni hadi kwenye paji la uso, akachora kwa kalamu juu ya ngozi iliyonyolewa. Kipande cha mfupa kilichotolewa kilikuwa kikubwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kufungua padogo kisha akute uvimbe umejificha pembeni. Uvimbe wa juu ulionekana kwa macho. Ule wa ndani ulitafutwa kwa ncha ya kidole na sindano butu, na sindano ile ilipita kwenye ubongo usio na ugonjwa.

Hata hivyo wakubwa wetu waliziita filamu zile neema, na hawakukosea. CT skani ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Kabla ya hapo madaktari waliingiza hewa kwenye vyumba vya maji vya ubongo ili vionekane kwa eksirei, na mgonjwa alibaki akitapika na kuumwa kichwa vibaya.

Baadaye ukaja mtambo wa kuongozea upasuaji. Kichwa hubanwa kwa pini tatu, fremu yenye vipira vinavyong'aa hufungwa kando yake, na kamera ya infraredi huvitazama. Daktari hugusa kwa kijiti pembe za macho, pua na paji la uso mpaka kompyuta ioanishe uso ulio mezani na picha za MRI. Baada ya hapo, popote kijiti kinapogusa, skrini huonyesha ni wapi ndani ya kichwa. Sisi wauguzi ilibidi tujifunze upya mahali pa kusimama. "Sista, sogea kidogo, unaiziba kamera," niliambiwa mara nyingi. Mipasuo ikawa midogo, na wagonjwa wakanyolewa nywele kidogo tu.

Tatizo ni kwamba picha ile imepigwa jana. Utando unaofunika ubongo ukifunguliwa, maji hutoka, uvimbe hupungua, nao ubongo hulegea na kushuka, pengine kwa zaidi ya sentimita moja. Skrini haina habari. Nakumbuka upasuaji mmoja ambapo skrini ilisema kijiti bado kimo ndani ya uvimbe, ilhali mbele ya daktari palikuwa na ubongo mweupe, mzima. Akasimamisha kazi, akaomba ultrasaundi.

Mawimbi ya sauti hayapenyi vizuri fuvu la mtu mzima. Kwa kichanga hupitia utosini. Mfupa ukishaondolewa, njia iko wazi. Niliivalisha probu, kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, mfuko safi wenye jeli, nikasukuma mapovu kwa vidole, maana hata povu dogo huharibu picha, kisha tukajaza maji ya chumvi ya uvuguvugu pale palipopasuliwa. Mikunjo ya ubongo ikatokea, mishipa ikidunda, na mabaki ya uvimbe yaking'aa nyuma ya ukingo ambao hakuna jicho lingeufikia. Picha ile ilikuwa ya dakika ile ile.

Huko Trondheim, Norwei, daktari Geirmund Unsgård na wahandisi wa taasisi ya utafiti ya SINTEF walishaviunganisha vitu hivi viwili tangu miaka ya 1990: ultrasaundi ya pande tatu inayoingia moja kwa moja kwenye ramani ya mtambo, ili ramani isahihishwe kadiri ubongo unavyosogea. Ndiyo njia iliyo bora. Lakini mtambo wa kuongozea ni ghali mno, na mashine za ultrasaundi tunazo tayari kwenye wodi za wazazi. Kinachokosekana ni probu ndogo ya upasuaji na mtu aliyefundishwa kuisoma picha, kwani haisomeki kirahisi; damu na hewa huweza kumdanganya asiyezoea.

Wanaopanga bajeti za hospitali zetu, nawaomba waanze na probu hiyo, na wamlipie daktari na muuguzi wake muda wa kujifunza.