Mawingu, Mvua na Mbegu Zetu

Ndugu msomaji, mkulima hushika jembe chini, lakini macho yake huwa juu. Mimi nalima mahindi na kunde wilayani Same, katika tambarare iliyo magharibi ya milima ya Upare. Kwetu mvua ni chache. Tuna mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tena tuna masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mbegu zikifia udongoni, wengi wetu hatuna akiba nyingine. Kwa hiyo kulijua wingu si kazi ya wataalamu peke yao. Ni habari ya chakula cha watoto wetu.

Je, wingu ni kitu gani? Funua chungu kinachochemka, utaona matone ya maji ndani ya mfuniko. Maji yamegeuka mvuke, mvuke umepanda, umepoa, umerudi kuwa maji. Angani mambo ni hayo hayo. Jua hupasha joto bahari, maziwa na ardhi yenye unyevu. Maji hugeuka mvuke, nasi hatuuoni. Hewa yenye joto hupanda pamoja na mvuke huo. Kadiri inavyopanda, ndivyo inavyopoa. Ikipoa vya kutosha, mvuke hushika chembe za vumbi au za chumvi ya bahari zilizomo hewani, ukawa vitone vya maji. Vitone vingi pamoja ndilo wingu.

Vitone hivyo ni vidogo mno, hata hewa inayopanda huvibeba. Ili kupata tone moja la mvua, vitone kama 1,000,000 huungana. Tone likiwa zito, huanguka. Wingu jembamba huwa na maji machache. Wingu nene lililorundikana kwenda juu lina maji mengi. Chini yake ni jeusi kwa sababu mwanga wa jua haupenyi unene wake.

Basi, mbona mlima hufunikwa na wingu, na mashamba yetu hubaki makavu? Swali hilo aliniuliza mama mmoja, jirani yangu, mwezi wa Novemba. Alikuwa na jembe begani na mbegu zake zote za mahindi katika kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wingu lile si mvua?"

"Ni mvua, mama, lakini ni ya wenzetu wa upande wa pili."

Nilimweleza hivi. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukagonga milima yetu upande wa mashariki. Kilele cha Shengena kina urefu wa mita 2,462. Hewa haina njia ila kupanda. Ikipanda hupoa, na mvua hunyesha kule. Ikivuka na kushuka kwetu, hupata joto tena, na vitone vya wingu hugeuka mvuke. Wingu huyeyuka machoni petu.

"Na redio imesema nini?" akauliza.

Redio ilikuwa imesoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: vipindi vya mvua katika maeneo machache. Ndugu msomaji, shika sana maneno hayo. "Maeneo machache" maana yake ni kwamba kijiji kimoja kitapata na cha jirani kitakosa. Wingu moja la radi huweza kuwa na upana wa kilometa chache tu, na kumaliza mvua yake kwa saa moja hivi. Utabiri huangalia eneo kubwa. Watabiri hupima upepo, joto na unyevu, na hutazama picha za setilaiti. Utabiri wa kesho huaminika zaidi kuliko wa siku ya saba. Ndiyo sababu inafaa kuusikiliza kila siku, si mara moja kwa juma.

Mama yule alirudi nyumbani na mbegu zake. Alingoja siku tisa, na kungoja huko kulikuwa kugumu, maana majirani wawili walikwisha kupanda. Siku ya kumi mvua ilinyesha usiku kucha. Kopo langu lilionyesha milimita 24. Tulichimba, tukakuta unyevu umeshuka zaidi ya shubiri moja. Akapanda. Mahindi yake yaliota. Majirani wale walitafuta mbegu nyingine.

Nawe unaweza kupima. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka. Liweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Asubuhi ingiza rula, usome kina cha maji, ukiandike katika daftari pamoja na tarehe. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita mraba. Milimita 10 juu ya eka moja ni kama lita 40,000, yaani mapipa 200 ya lita 200. Manyunyu ya milimita 2 hutuliza vumbi tu, hayaoteshi mahindi.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Soma utabiri, soma wingu, soma kopo lako. Halafu chimba kidogo uushike udongo. Vyote vinne vikikubaliana, toa mbegu zako.