Mbingu ya Wenye Koleo

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Katika Ufipa, ambako Ukatoliki umeota mizizi tangu zamani, tarehe 2 ya mwezi huo watu huwakumbuka wafu wao kwa Misa, na wengi huenda makaburini kung'oa majani na kusimamisha misalaba iliyolala. Kila mtu ana orodha yake ya kuombea. Katika orodha yangu, baada ya wazazi na ndugu, wamo watu watatu wasio wa ukoo wangu. Sitawataja majina, kwa kuwa wameacha wajane na wajukuu. Kilichotuunganisha hakikuwa damu, wala shamba, wala biashara. Kilikuwa koleo, waya na mikebe mitupu. Tulikuwa watu wazima, wenye wake na watoto wa kusomesha, na tulikuwa tukiunda vijigari.

Najua msomaji atatabasamu. Gari la waya ni jambo la watoto, na hakuna pembe ya Afrika Mashariki asikojulikana mtoto wa kulisukuma: magurudumu ya ndala kuukuu au ya mikebe ya dawa ya viatu, na usukani ulio juu ya waya mrefu, ili dereva akimbie nyuma ya gari lake bila kuinama. Mtoto hulisukuma mpaka siku anapoona haya mbele ya wasichana. Siku hiyo hulitupa juu ya paa, na mambo yakaishia hapo. Sisi wanne hatukulitupa.

Labda sababu ni mahali petu. Milepa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ule ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Huku chini kuna joto na mpunga; huko juu, Sumbawanga, kuna baridi na maharage. Katika miaka ya 1980 lori lililoteremka kuja kuchukua mpunga lilikuwa tukio. Lilisikika kabla halijaonekana, na likisha kuonekana, kijiji kizima kiligeuza shingo. Kitu kinachopita kwa nadra hutazamwa vizuri. Mwenye kukiona mara moja kwa mwezi hukihifadhi kichwani mpaka mwezi ujao, na asipojiamini kichwa, hukihifadhi kwa waya.

Wa kwanza wetu alikuwa fundi wa baiskeli. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kijigari bila kipimo ni kikaragosi. Alikuwa na kamba ya katani. Lori likisimama, aliinyoosha kutoka bampa la mbele hadi la nyuma na kufunga fundo. Kisha aliikunja kati kwa kati, mara nne. Kukunja mara moja ni nusu, mara mbili ni robo, mara tatu ni sehemu ya nane, mara nne ni sehemu ya kumi na sita. Lori la mita 8 likawa la nusu mita, na kila kitu kingine, mlango, taa, gurudumu, kikafuata kamba ile ile. Land Rover ile iliyoitwa 109 ilichukua jina hilo kwa kuwa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma mna inchi 109. Kwa kamba ya fundi wetu zikabaki inchi karibu 7. Hakuwa amesikia kwamba huko Ulaya na Japani kuna watu wazima maelfu kwa maelfu wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa plastiki iliyotoka kiwandani, na kwamba wao pia wana vipimo vyao. Kimoja kinachojulikana sana ni cha 1 kwa 72, ambacho asili yake ni kufanya futi 6 kuwa inchi 1. Nilipomweleza, aliwaza kidogo akasema, "Basi mwalimu, hao nao wanakunja kamba, ila ya kwao ina mikunjo ya ajabu."

Wa pili alikuwa katekista. Huyu hakupenda gari jipya. Aliona kwamba gari jipya ni la picha, na kwamba gari la kweli la Rukwa lina bampa lililopinda, turubai lenye kiraka, dumu la maji na utingo aliyelala juu ya magunia. Yote hayo aliyatengeneza. Turubai lilikuwa leso yake ya zamani aliyoichovya katika uji wa mhogo ili ikauke na mikunjo. Siku moja nilimwonyesha lori langu nililolisugua hadi likameta. Alilizunguka taratibu, kisha akasema, "Limefika salama, mwalimu, lakini halijasafiri." Nikacheka, na jioni ile nikalipaka vumbi.

Yeye pia ndiye aliyekuwa na Biblia ya kutujibia waliotuona wapuuzi. Aliwakumbusha kwamba Nuhu alipewa safina kwa vipimo, dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, na kwamba katika Ufunuo malaika anashika mwanzi wa dhahabu kuupima mji mtakatifu. "Mungu mwenyewe anataka hesabu," alisema. "Asiyepima hajapenda."

Wa tatu alikuwa mvuvi wa Ziwa Rukwa, lakini moyo wake ulikuwa upande wa pili wa uwanda, katika Ziwa Tanganyika. Ujanani alisafiri kwa meli ya Liemba kutoka Kigoma hadi Kasanga, akaipima kwa hatua zake kutoka omo hadi tezi huku abiria wenzake wakidhani ana wazimu. Ikamtoka kidogo zaidi ya mita 70, na kweli ina mita 71 hivi. Kamba ya mikunjo minne ingempa meli ya mita 4 na nusu, isiyoingia nyumbani mwake. Akaikunja mara sita, ikawa ya mita moja na kidogo, na akaianza kwa bati la debe, na dohani kwa ganda la betri ya tochi.

Nadhani aliichagua meli hiyo kwa sababu yenyewe ni kama kazi yetu. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha kwa maelfu, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, kisha ikaungwa upya kando ya ziwa. Ikashushwa majini mwaka 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, Wajerumani waliporudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene ili maji yasiile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuvi wetu hakuchoka kuisimulia ile grisi. Waliizika, alisema, kama watu wenye tumaini.

Wote watatu wamekwenda. Fundi alitangulia, kwa homa ya siku nne. Katekista akafuata kwa uzee. Mvuvi alikuwa wa mwisho, na meli yake ilikuwa imebakiza mashua za kuokolea tu.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Kazi zao hazipo. Waya wa malori ya fundi umefunga banda la kuku. Gari la katekista, lililokuwa na bodi ya mbao, limeliwa na mchwa. Liemba ya mvuvi wajukuu waliielekeza kwenye mfereji wa mpunga, ikaelea vizuri sana siku moja, kisha mvua ikaja. Sina mtu wa kumlaumu. Mtoto anayeielea meli anaielewa kuliko anayeifungia kabatini. Lakini mtu huwaza. Pwani yetu ilikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, navyo vilitoweka katika karne ya 20. Leo, katika makumbusho kama ile ya Lamu, mifano midogo ya mtepe ni miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki. Chombo kikubwa kimekufa, kidogo kinamsimulia. Je, nani atayasimulia malori ya bonde la Rukwa, na utingo aliyelala juu ya magunia?

Basi kwa kuwa duniani sina makumbusho ya kuwapa, nimewajengea mahali mbinguni, na Mungu anisamehe kama nimevuka mpaka.

Mbingu yao naiona kama kiwanja kipana kando ya maji, saa za asubuhi, kabla jua halijawa kali. Magari yote yaliyowahi kushuka mteremko yamesimama hapo, injini zimezimwa, na madereva wamelala usingizi mzuri. Nasema wamelala kwa sababu. Hapa duniani tulifukuzwa mara nyingi. Mtu mzima akichungulia chini ya lori la watu na kamba mkononi hudhaniwa mwizi au mchawi. Kule hapana anayeuliza, "Unapima nini wewe?" Unaweza kulala chali chini ya ekseli tangu asubuhi hadi jioni ukihesabu majani ya springi. Waya ni mnyofu, haujapata kutu. Koleo halikuazimwa na jirani. Macho ya mzee huona tundu la sindano.

Kuna jambo moja tu ambalo katekista angelipinga. Mimi sikuwapa kazi zilizokamilika. Angesema mbinguni hakuna upungufu. Lakini nilikaa nao miaka mingi, na najua gari likimalizika tulilitazama jioni moja, tukalisifu, na kesho yake mikono ikawasha. Furaha yao ilikaa katika kile kilichobakia. Kwa hiyo mvuvi nimemwachia mashua zake za kuokolea, azikunje moja moja bila haraka. Fundi nimempa kazi kubwa zaidi: kutembea nyuma ya yule malaika mwenye mwanzi wa dhahabu, akishika ncha ya kamba. Mji ule una urefu wa stadia 12,000, yaani zaidi ya kilomita 2,000. Nimepiga hesabu. Kamba hiyo ikikunjwa mara 21, mji mtakatifu wote unatosha juu ya meza. Na katekista, kama namjua, anatafuta mahali pa kuuweka vumbi kidogo, ili uonekane watu wamefika.

Siku hizi magari hayana ugeni Milepa. Malori huja, pikipiki zimejaa, na hakuna anayegeuza shingo; watoto wenyewe hupata magari ya plastiki ya dukani. Mimi bado nageuka. Lori likisimama penye mashine ya mpunga huenda taratibu nikahesabu nati za gurudumu, nikatazama lilipopinda bampa na jinsi utingo alivyofunga turubai. Dereva akiniuliza, humwambia nina wenzangu watatu ambao hawawezi kufika, nao wangependa kujua.