Nondo wa nyuma ya nyumba

12 Oktoba
Mtoto wa jirani alikuwa akilima tuta la mahindi nyuma ya lupango, kiwanja cha nyumba. Akaniletea kitu cheusi, kinene kama kidole gumba, kinang'aa. Nilipokishika kilipindapinda ncha. Kiko hai! Pupa tupu, haina hata uzi wa hariri. Kiwavi wake alijizika udongoni. Nimeitia chunguni na udongo wake.

4 Novemba
Mvua imenyesha tangu juzi. Jioni nondo ametoka, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Akapanda ufito wa mlango, akaning'inia. Baada ya muda alikuwa mpana kuliko kiganja changu. Rangi ya kutu. Bawa la mbele lina doa dogo jeupe, la nyuma lina jicho la rangi ya chungwa lenye duara jeusi. Ndilo lililonithibitishia: Bunaea alcinoe, aliyeelezwa na Caspar Stoll wa Amsterdam mwaka 1780. Papasi zake nyembamba. Jike.

Nikamwita Mama jirani. "Hii haina jina. Ni kipepeo ya usiku tu." Nikamwonyesha picha ya kiwavi wake, mweusi, ana miiba myeupe. "Aa! Hii tunakula!" Akaanza kunieleza: unakamua matumbo, unachemsha na chumvi, unaanika. Hakumtazama tena nondo.

5 Novemba
Nimemfungia ndani ya chandarua barazani. Umeme ulikatika tangu magharibi, nami nikafurahi, jambo la nadra hapa Kasungami: wakija madume, hakuna atakayesema wamefuata taa. Wakaja watatu, papasi zao pana kama manyoya. Wamefuata harufu ya jike. Nikainua ncha ya chandarua, mmoja akaingia. Alfajiri walikuwa bado wameshikamana.

9 Novemba
Mabawa yamechanika. Hana mdomo wa kulia. Tangu atoke anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini akiwa kiwavi. Mayai ameyabandika kwenye chandarua, kwa mafungu.

Mti ambao viwavi wa aina yake waliuvua majani Machi iliyopita ulikatwa kiangazi, ukawa makaa. Nilitembea hadi kwenye kichaka kilichobaki na kukuta mti wa aina ile ile, mchanga bado. Nimekata vipande vya chandarua vyenye mayai, nikavifunga matawini.

Mama jirani aliniona. Ameomba viwavi wakinenepa nimwite kwanza, kabla ya kunguru. Leo nalala na chandarua chenye matundu manne.